Vitabu vya Sayansi na Riwaya za Kisayansi: Kabla ya Kulipa, Fungua Kurasa za Nyuma

Katika miezi ya karibuni nimepokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa wasomaji wa Mbarara, Jinja, Gulu na hapa Kampala, na yote yanahusu vitabu ambavyo mimi mwenyewe nimevisifu mara nyingi. Mwalimu mmoja wa fizikia alinitumia picha ya ukurasa uliodai kwamba mwaka-nuru mmoja ni kilomita 9.46 × 1012, akaniuliza inawezekanaje kosa kubwa namna hiyo liwapite wahariri wote wa London. Kosa halikuwa la wahariri. Mwandishi alikuwa ameandika 10 kwa kipeo cha 12, yaani jumla ya kilomita karibu trilioni tisa na nusu, lakini katika nakala ile iliyonunuliwa kando ya barabara kipeo kilikuwa kimeshuka na kukaa sawa na tarakimu nyingine, kikageuka elfu moja na kumi na mbili. Anayefanya hesabu kama ilivyochapwa atapata kilomita zisizofika 9,600, umbali ambao ndege ya abiria huumaliza kwa safari ya siku moja. Msomaji mwingine, mwanafunzi wa udaktari, alikutana na ukurasa unaosema kwamba mwili wa mtu mzima una seli 3 × 1013. Tukiuamini ukurasa huo, mwili mzima una seli elfu tatu na ushei, ilhali makadirio ya kawaida ni takriban trilioni 30.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautazungumzia uzuri wa jalada, weupe wa karatasi wala ukubwa wa herufi, maana hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe akiwa amesimama mbele ya rafu. Nitazungumzia jambo ambalo karibu kila mtu hulipuuza anaponunua kitabu cha sayansi au riwaya iliyojengwa juu ya sayansi, nalo ni hali ya tanbihi, faharasa na alama ndogondogo zinazokaa juu au chini ya mstari. Kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa ajili ya watu wote humwomba msomaji aamini mambo mazito ambayo hana maabara ya kuyapima. Kinachomfanya mwandishi astahili kuaminiwa ni zile kurasa za nyuma ambamo anaonyesha alikoyapata, nani aliyempinga, na mahali gani yeye mwenyewe ana shaka. Kitabu kilichonyimwa kurasa hizo hakimpi msomaji njia yoyote ya kuhakikisha, na mimi siwezi kumshauri mtu akinunue hata kwa bei ya chai.

Nakala mbovu huzaliwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, kitabu halisi hukatwa mgongo, kurasa zake hupigwa picha moja moja, kisha huchapwa upya kwa wino mweusi pekee. Hapo maneno hubaki mahali pake, lakini picha za rangi hugeuka madoa ya kijivu, na mara nyingi mchapaji huziacha kurasa za mwisho ili aokoe karatasi, kwa sababu katika kitabu cha kurasa 450 tanbihi na marejeo peke yake yanaweza kuzidi 80. Njia ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Mtu hupata faili ya kielektroniki, huimimina katika programu ya kuandikia, huibana ili itoshee ukubwa wa karatasi alizo nazo, kisha huichapa. Katika kumiminwa huko vipeo hushuka, namba za tanbihi huungana na maneno au na miaka, alama zisizo za kawaida hugeuka visanduku vitupu, na kurasa zote hupata namba mpya. Faharasa ikibaki, hubaki ikielekeza kurasa za kitabu kingine kabisa.

Jaribio ninalolipendekeza halichukui hata dakika tano. Fungua faharasa, chagua neno moja lisilo la kawaida, nenda kwenye ukurasa uliotajwa na ulitafute neno hilo. Usipoliona, chagua la pili. La pili nalo lisipokuwepo, kirudishe kitabu rafuni bila kubishana na mtu. Kisha rudi kwenye yaliyomo, uangalie tanbihi zinatajwa kuanzia ukurasa wa ngapi, na uhakikishe kwamba ukurasa huo upo. Ikiwa ni riwaya isiyo na faharasa, itazame sura yoyote yenye hesabu na uone kama vipeo vimepanda mahali pake. Wengi huniambia kwamba wao hukagua ukurasa wa haki miliki, wakitafuta ile namba ya utambulisho ya tarakimu 13 inayoanza na 978 na jina la kiwanda kilichochapa. Ukaguzi huo hausaidii chochote, kwa kuwa anayenakili kitabu hunakili na ukurasa huo.

Baada ya hayo, hii ndiyo orodha yangu, kuanzia kile ambacho ningekinunua leo kabla ya vyote.

Cha kwanza ni An Immense World cha Ed Yong, kilichotoka mwaka 2022 na kushinda tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, mwaka 2023. Ninapendekeza nakala ya jalada laini ya Vintage, na hapa niseme waziwazi kwamba chapa ya Vintage ninaipendelea kuliko nyingine zote. Ndiyo iliyotoa kwa jalada laini nchini Uingereza vitabu vya Yong, kile cha Merlin Sheldrake, baadhi ya vile vya Siddhartha Mukherjee na riwaya ya Samantha Harvey, na katika nakala zake zote nilizozishika sijawahi kukuta tanbihi zilizopunguzwa ili kubana gharama. Mchapishaji anayeacha kurasa 60 za marejeo ndani ya kitabu cha bei nafuu, akijua kwamba wengi hawatazifungua, anamheshimu yule mmoja atakayezifungua, na mimi nimechagua kumlipa mchapishaji wa namna hiyo.

Kitabu chenyewe kinaeleza jinsi kila mnyama anavyoishi ndani ya dunia inayofanywa na milango yake ya fahamu, dhana ambayo Jakob von Uexküll aliieneza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa mfano wa kupe, ambaye ulimwengu wake ni joto, mguso wa manyoya na harufu inayotoka katika ngozi ya mnyama, basi. Yong anapofika kwa tembo, anasimulia jinsi Katy Payne alivyohisi mtetemo hewani alipokuwa karibu na tembo wa bustani ya wanyama, na jinsi utafiti uliofuata ulivyogundua kwamba tembo huitana kwa sauti ambazo sehemu yake iko chini ya hezi 20, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki. Nilipoisoma sehemu hiyo niliwafikiria tembo wa hifadhi ya Murchison, ambao watalii huwaona wamesimama kimya. Sura ya umeme inatugusa kwa karibu zaidi, kwa sababu inawaeleza samaki wa jamii ya mormyridi, ambao wamo pia katika Ziwa Viktoria na huliwa na watu wa ufukweni, na ambao hutengeneza uga hafifu wa umeme kuuzunguka mwili wao, wakautumia kutambua vitu gizani na kuwasiliana wao kwa wao.

Sababu ya kukiweka mbele, hata hivyo, ni tanbihi zake za chini ya ukurasa. Yong huzitumia kusimulia majaribio yaliyoshindikana, mabishano ya watafiti, na visa ambavyo visingeingia katika mkondo wa sura. Ukizisoma unajifunza kwamba sayansi hufanywa na watu wanaopingana na kusubiriana. Katika nakala ya barabarani aliyonionyesha msomaji wa Jinja, nyota ndogo zilizokuwa zikielekeza tanbihi hizo zilikuwepo ukurasa baada ya ukurasa, na chini yake hapakuwa na neno hata moja. Alikuwa amesoma nusu ya kitabu huku akidhani kwamba nyota hizo ni pambo.

Cha pili ni Where Rivers Go to Die, mkusanyo wa hadithi wa Dilman Dila uliochapishwa na Rosarium mwaka 2023. Dila ni Mganda, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, na mkusanyo huu ulifika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Philip K. Dick. Hadithi zake zinachanganya mizimu na mashine bila kuomba radhi kwa upande wowote, na ninachokithamini zaidi ni kwamba teknolojia yake haionekani kama mzigo ulioshushwa kutoka melini. Inatumiwa, inaharibika na kutengenezwa na watu ambao unaweza kukutana nao Tororo au Soroti. Wapo wanaosema kwamba riwaya za mustakabali si mambo yetu. Mtu wa namna hiyo ningempa kitabu hiki, nikamwacha akisome kwa utulivu wake. Hakina faharasa wala vipeo, hivyo ugonjwa ninaoulalamikia haukigusi. Tatizo lake ni upatikanaji, nami nitalirudia hapo chini kwa sababu linanikera.

Cha tatu ni Project Hail Mary cha Andy Weir, cha mwaka 2021. Mtu anaamka ndani ya chombo cha anga bila kukumbuka jina lake, na anaanza kujitambua kwa kupima vitu: anaangusha kitu, anahesabu muda, anakokotoa kani ya uvutano, anagundua kwamba hayuko duniani. Jua linapoteza nguvu kwa sababu ya viumbe vidogo vinavyokula nishati yake, na jibu huenda likapatikana katika nyota ya Tau Ceti, iliyo umbali wa karibu miaka-nuru 12. Lugha ya Weir si ya kupamba, na wahusika wake wa duniani wakati mwingine huzungumza kwa sauti moja. Hata hivyo, sijui riwaya nyingine ya miaka hii inayomfurahisha msomaji kwa kumfanya afikiri hatua kwa hatua kama yeye ndiye aliyeshika saa na kipimo.

Katika kitabu hiki kasoro ninayoifuatilia inaharibu hadithi yenyewe. Nitalieleza jambo hili kwa uangalifu ili nisimharibie utamu yule ambaye hajakisoma. Yupo mhusika ambaye usemi wake mwanzoni huchapwa kwa alama za muziki, na ambaye watu wake huhesabu kwa sita badala ya kumi, wakiwa na tarakimu zao zenye maumbo yao. Kujifunza alama hizo pamoja na shujaa ndio moyo wa sehemu ya kati ya riwaya. Katika nakala iliyomiminwa kutoka kwenye faili, alama za muziki hugeuka safu ya visanduku vitupu, na tarakimu za ajabu huwa alama za kuuliza au hutoweka. Msomaji wa nakala hiyo hupata mazungumzo yenye upande mmoja, na akimaliza husema, kama alivyoniandikia dada mmoja wa Gulu, kwamba hakuelewa watu wanakisifia nini. Nilimwomba afungue ukurasa ambapo mhusika huyo anazungumza kwa mara ya kwanza. Alinitumia picha, na mstari mzima ulikuwa visanduku. Ukiwa dukani, basi, fungua katikati ya kitabu utafute alama za muziki, usipoziona, usinunue.

Cha nne ni Entangled Life cha Merlin Sheldrake, cha mwaka 2020, kilichopata tuzo ya Royal Society mwaka 2021, nacho kwa jalada laini ni cha Vintage. Kinahusu kuvu: chachu, uyoga, ukungu, na nyuzi zinazopenya katika mizizi ya miti. Kwa msomaji wa Uganda kina mlango ambao msomaji wa Ulaya hana, kwa kuwa sisi tumekula uyoga wa kichuguu tangu utotoni, na Sheldrake anaeleza jinsi mchwa wa jamii ya Macrotermes wanavyolima kuvu aina ya Termitomyces ndani ya vichuguu vyao, wakiilisha kuvu hiyo vipande vya miti ambavyo mchwa wenyewe hawawezi kuvimeng'enya. Michoro yake ilichorwa kwa wino uliotengenezwa kutokana na uyoga, jambo ambalo ninalipenda kwa dhati.

Nimekiweka cha nne, chini ya pale ambapo wengi wangekiweka, kwa sababu ni kitabu ambacho ni hatari kukisoma bila tanbihi. Habari ya miti kuwasiliana na kugawiana chakula kupitia nyuzi za kuvu imependwa sana na watu hadi imetangulia ushahidi. Mwaka 2023 watafiti Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walichapisha katika jarida la Nature Ecology & Evolution uchambuzi uliohoji madai kadhaa ya aina hiyo, wakionyesha kwamba baadhi yake yanarudiwa mno kuliko majaribio ya porini yanavyoruhusu. Sheldrake mwenyewe ni mwangalifu, na uangalifu wake mwingi umo katika tanbihi za mwisho, ambazo baadhi ni ndefu kama aya nzima. Ukizikata hizo, unabaki na mwandishi anayeonekana kusadiki kila kitu, na hivyo sivyo alivyo. Nakala iliyokatwa inamsingizia, nami ninaliona hilo kuwa dhuluma kwa mwandishi kuliko hata ile ya kumnyima mrabaha wake.

Cha tano ni A City on Mars cha Kelly na Zach Weinersmith, cha mwaka 2023, mshindi wa tuzo hiyohiyo ya Royal Society mwaka 2024. Wanandoa hawa walianza utafiti wakiwa na shauku ya kuona binadamu wakihamia Mirihi, wakaishia kueleza kwa subira kwa nini hatuko tayari: udongo wake una perklorati zenye sumu, hatujui mimba na mtoto vitakuwaje katika uvutano mdogo, na sheria inayotawala anga za juu inasimama juu ya mkataba wa mwaka 1967 uliotungwa kabla ya kampuni binafsi kuanza kushindana huko. Tangu setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, irushwe Novemba 2022, vijana wengi hapa wameanza kuuliza maswali ya anga kwa uzito mpya, na hiki ndicho kitabu cha kuwapa, hasa sura zake za sheria, ambazo ni bora kuliko zile za uhandisi. Michoro yake ni ya mistari myeusi, hivyo huvumilia kunakiliwa kuliko picha za rangi. Marejeo ndiyo ya kuyachunga.

The End of Everything cha Katie Mack, cha mwaka 2020, kinaeleza njia tano ambazo ulimwengu unaweza kuishia, na kinashughulika na nyakati fupi mno na ndefu mno ambazo haziandikiki bila vipeo. Kinunue katika nakala halisi au usikinunue kabisa. The Three-Body Problem cha Liu Cixin, katika Kiingereza cha Ken Liu cha mwaka 2014, kina tanbihi za mfasiri zinazoeleza Mapinduzi ya Kitamaduni ya China kwa msomaji wa mbali. Bila hizo sura za mwanzo ni ngumu kwetu bila sababu, na watu wamekitupa kitabu kizuri kwa ajili hiyo tu. Death of the Author cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2025, kinabeba riwaya ndani ya riwaya, na ninakipenda kuliko vyote alivyoandika tangu Binti ya mwaka 2015, kwa jinsi kinavyomchora mwanamke mwandishi ambaye familia yake inampenda na kumchosha kwa wakati mmoja.

Orbital cha Samantha Harvey, kilichopata tuzo ya Booker mwaka 2024, kinafuata wanaanga sita katika siku moja ambayo kwao ina mizunguko 16 kuizunguka dunia. Ni kifupi, hakina tanbihi, na uzuri wake wote umo katika sentensi, kwa hiyo hata nakala duni haiwezi kukiharibu sana. Nimekiweka mwisho kwa sababu nyingine: kinatazama dunia kutoka juu kwa upole mwingi mno, na mara kadhaa nilitamani mmoja wa wale sita akasirike.

Sasa nije kwa wauzaji. Nimelalamika kwa mdomo kwa muda mrefu, na leo ninaandika. Desturi ya kufunga vitabu kwa plastiki imeenea hadi imekuwa kikwazo kwa mnunuzi mwaminifu. Ninaelewa vumbi la mji wetu, na ninaelewa kwamba wapo watu wanaosoma sura nzima wakiwa wamesimama kisha wakaondoka. Lakini muuzaji anayekataa kuifungua plastiki hata mbele ya mtu aliyeshika pesa mkononi ananiomba nilipe zaidi ya shilingi 50,000 kwa kitu nisichoruhusiwa kukikagua. Muuzaji wa nyanya hathubutu kufanya hivyo. Katika duka moja nilipoomba kuona faharasa, kijana wa mauzo aliniambia, “Nnyabo, kitabu ni kitabu, ndani ni maneno tu.” Sikumkasirikia yeye, maana hakuna aliyemfundisha tofauti. Niliwakasirikia waliompa kazi ya kuuza bidhaa bila kumweleza bidhaa hiyo ni nini. Nakala moja ya mfano iliyofunguliwa, ikawekwa juu ya meza kwa kila kichwa cha kitabu, ingemaliza tatizo hili bila kumtia mwenye duka hasara kubwa.

Wauzaji wa mitandaoni ni wagumu zaidi kuwajibika. Wanatuma picha ya jalada, wanaandika kwamba nakala ni halisi, wanataka malipo kwa simu kwanza, kisha kitabu kinaletwa na bodaboda ambaye hana ruhusa ya kukusubiri ukikague. Ushauri wangu ni kumwomba muuzaji picha tatu kabla hujalipa: ukurasa mmoja wa faharasa, ukurasa ambao faharasa hiyo inauelekeza, na ukurasa wa kwanza wa tanbihi. Mwenye nakala halisi hutuma picha hizo kwa dakika chache. Anayekuambia kwamba ana kazi nyingi amekwisha kukujibu. Sheria ya haki miliki ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake, na ingefaa mnunuzi aitaje kwa adabu anapodai kurudishiwa fedha zake.

Na bei. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi ni kitabu kinachoufuata mkosi wa ukoo kutoka Buganda ya mwaka 1750 hadi Bwaise, mtaa wa hapa Kampala, ya mwaka 2004. Kilitolewa kwanza Nairobi na Kwani Trust mwaka 2014, kikangoja miaka kadhaa kabla ya kuchapishwa Marekani mwaka 2017 na Uingereza mwaka 2018. Leo msomaji wa Bwaise akitaka kukinunua, nakala anayoikuta aghalabu imetoka London, na anailipia gharama za safari ya kitabu kilichozaliwa jirani yake. Hali ya Dila ni mbaya kuliko hiyo: mchapishaji wake yuko Marekani, na maduka mengi hukiagiza kitabu chake pale tu mteja anapokiomba, kisha humtoza mteja huyo usafirishaji wote peke yake. Wasomaji kumi wakikubaliana kuagiza pamoja, gharama hiyo hugawanyika, na ninawasihi walimu na vikundi vya kusoma wafanye hivyo badala ya kila mtu kuhangaika kivyake. Vilevile tuwaombe wenye maduka waache kuleta zile nakala kubwa za jalada laini zinazotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje, ambazo hufika mapema na kuuzwa ghali, ilhali nakala ndogo yenye maandishi yaleyale hutoka takriban mwaka mmoja baadaye. Kitabu cha sayansi hakichachi kwa mwaka mmoja.

Kwa mwenye fedha kidogo nina maneno machache. Nakala za barabarani nimekwisha kuzieleza. Nakala zilizoandikwa kwamba ziuzwe Bara Hindi tu huwa na karatasi nyembamba, lakini kwa kawaida zina tanbihi kamili, na ukizikuta zinafaa. Vitabu vilivyokwisha kutumika ni bora kuliko vyote vya bei ya chini: jalada likiwa limechakaa, mafundi wa Barabara ya Nasser hapa Kampala watakifunga upya vizuri, na faharasa yake itakuwa palepale ilipowekwa. Anayetaka kusoma kwa Kiswahili ataanzia Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, ambazo si mpya ila hazijapitwa. Na kwa asiye na chochote upo mkusanyo wa Africanfuturism wa mwaka 2020, uliohaririwa na Wole Talabi na kutolewa bure na Brittle Paper, wenye hadithi nane, zikiwemo mbili za Waganda: “Yat Madit” ya Dilman Dila na “Fort Kwame” ya Derek Lubangakene. Upakue kutoka kwa waliouchapisha wenyewe, wala usikubali kuuziwa uliochapwa na mtu mwingine.